Mrija Kuunganishwa Si Kupona

Ajali za barabarani, hasa za bodaboda, zimewaletea vijana wetu madhara ambayo hayatajwi hadharani. Mwanamume avunjikapo nyonga, mrija wa mkojo huweza kukatika. Hapo madaktari humtoboa chini ya kitovu na kupitisha mpira wa kutoa mkojo kibofuni, kisha aghalabu husubiri miezi 3 hivi kabla ya kuliondoa kovu na kuziunganisha ncha za mrija. Operesheni ikifaulu, mpira huondolewa, na mgonjwa huambiwa kwamba amepona.

Neno hilo "kupona" lahitaji kuchunguzwa. Kwa mpasuaji, kupona ni mrija kupitisha mkojo. Kwa mgonjwa, kupona ni kuweza kuubana mkojo huo hadi afike chooni. Mambo haya mawili si mamoja. Mwanamume ana vibanio viwili vya mkojo: kimoja shingoni mwa kibofu, na kingine chini ya tezi-kibofu. Hiki cha pili ki karibu mno na mahali ambapo mrija hukatika, nacho huweza kuumia pamoja nao. Yakitokea hayo, mgonjwa hutegemea kile cha kwanza. Ndiyo maana wengi hubaki wakavu baada ya operesheni; lakini iwapo shingo ya kibofu nayo ilijeruhiwa, mrija waweza kuwa mzima na nguo bado zikalowa.

Kinachoficha tofauti hii ni lugha yetu. Mgonjwa huulizwa, "Je, unapata haja ndogo?" Naye hujibu, "Napata." Hajasema uongo, haja anaipata, tena bila kuitaka! Tafsida iliyokusudiwa kumsitiri imemnyima tiba. Lau angeulizwa, "Je, unalowa ukikohoa au ukiinua mzigo? Na usiku je?", jibu lingekuwa jingine. Jibu hilo lina manufaa, kwa maana zipo njia za kumsaidia: mazoezi ya misuli ya nyonga, dawa za kukituliza kibofu, na hata kibanio bandia, ingawa gharama ya hicho ni kubwa. Isitoshe, mkojo unaotoka kwa shida na kudondoka waweza kuwa dalili kwamba kovu linauziba mrija upya, na huyo hana budi kurudi hospitalini.

Wapo watakaodai kwamba maneno haya yanakiuka adabu. La hasha! Adabu ni kuchagua faragha ya kuzungumzia, wala si kunyamaza. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai.

Walimu na wanafunzi wasidhani haya ni ya hospitali pekee. Kijana aliyerejea shuleni baada ya tiba kama hiyo, akikatazwa kutoka darasani hadi kengele ilie, kisha wenzake wakambandika jina la kikojozi, ataacha masomo, na chanzo hakitaandikwa popote. Apewe ruhusa ya kutoka bila kuhojiwa mbele ya wenzake, na mahali pa siri pa kubadilishia nguo. Zaidi ya hayo, tuwafunze wanafunzi wetu kuvitaja viungo vya mwili kwa majina yake bila kicheko. Asiye na neno la kuueleza ugonjwa wake ataponaje?