Rangi ya Uso Si Kosa la Kusahihishwa



Majuzi tulialikwa katika nyumba moja ya hapa parokiani kutazama video ya harusi tuliyoifungisha wenyewe miezi michache iliyopita. Sebule ilijaa watu, soda zikagawiwa, watoto wakaketi sakafuni. Bibi harusi alipotokea mlangoni mwa kanisa, akina mama walipiga vigelegele. Bibi yake mzaa mama, ambaye siku ya harusi alikuwa kitandani kwa maradhi na hakuweza kufika, alisogeza kiti karibu na runinga, akatazama kitambo, kisha akatugeukia: "Baba, huyu ni nani aliyevaa nguo ya mjukuu wangu?"

Watu walicheka. Sisi hatukuweza kucheka, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki. Binti tuliyemfungisha ndoa ni mweusi wa kung'aa, kama mama yake na kama bibi yake huyo. Aliyekuwamo ndani ya runinga alikuwa na uso wa rangi ya papai lililoiva, ilhali mikono iliyoshika shada la maua ilibaki myeusi, kwa kuwa fundi aliushughulikia uso peke yake. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba hakuna aliyeomba jambo hilo. Fundi alilifanya kwa ukarimu wake, kama nyongeza.

Tunaandika leo kuupinga ukarimu huo.

Kwanza, tusiwaonee mafundi. Kuna kazi halali ya kusahihisha rangi katika video, nayo ni ya lazima. Jicho letu likitoka juani na kuingia ndani ya kanisa lenye taa, hujirekebisha lenyewe, na karatasi nyeupe huendelea kuonekana nyeupe. Kamera huhitaji kuambiwa. Nuru ya taa za tangsteni za studio hupimwa Kelvini 3200 nayo huelekea umanjano. Nuru ya mchana hukaribia Kelvini 5600 nayo huelekea buluu. Taa za mirija mara nyingi hutia ukijani. Asiyeiandaa kamera yake sawasawa hurudi nyumbani na padre wa kijani na maharusi wa buluu. Fundi anayeketi mbele ya kompyuta akauondoa ukijani huo, au akainua mwanga wa picha iliyopigwa gizani hata macho ya mtu yakaonekana, anaitumikia kweli. Anamrudisha mtu jinsi alivyokuwa. Huyo tunamsifu, na alipwe ujira wake bila kucheleweshwa.

Lakini ipo kazi nyingine. Programu za leo humwezesha fundi kuichagua rangi ya ngozi peke yake, kuizungushia uzio, kuiamuru programu iufuate uso popote unapokwenda, kisha kuupandisha mwanga na kuifuta mikunjo yake. Kazi ya kwanza huirekebisha nuru iliyomwangukia mtu. Kazi ya pili humrekebisha mtu mwenyewe. Zote mbili huitwa kwa jina moja, na hapo ndipo udanganyifu unapoanzia, maana kinachosahihishwa ni kosa. Mwalimu husahihisha hesabu iliyokosewa. Basi tukisema kwamba tumeusahihisha uso wa binti huyu, tumesema nini juu ya uso aliozaliwa nao?

Hata vyombo vya ufundi vyenyewe vinaikataa kauli hiyo. Wahariri wa video hutumia kipimo kiitwacho vektaskopu. Ni duara ambalo rangi za picha huonekana juu yake kama nukta: upande inakoelekea nukta huonyesha ni rangi gani, na umbali wake kutoka katikati huonyesha imekolea kiasi gani. Kati ya upande wa nyekundu na upande wa njano kuna mstari ambao mafundi huuita mstari wa ngozi. Ngozi ya Mmakonde, ya Mhindi na ya Mzungu, zikipigwa picha katika nuru iliyo sawa, huangukia karibu na mstari huo huo mmoja. Hakuna mstari wa weusi na mstari wa weupe. Kinachotofautiana zaidi ni kiasi cha mwanga ambacho ngozi hukirudisha, nacho hupimwa kwa kipimo kingine. Kwa hiyo fundi anayemgeuza mtu mweusi kuwa mweupe hawezi kudai kwamba vipimo vimemlazimisha. Chombo chake mwenyewe kinashuhudia kwamba uso ule haukuwa na kosa.

Je, wazo hili la kuusahihisha weusi limetoka wapi? Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha zilipima rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak ya Marekani zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Uso wa mwanamke huyo ukitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, hata kama watu weusi walitoka kama vivuli vyenye macho na meno. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada alisimuliwa na watu waliofanya kazi katika kampuni hiyo kwamba malalamiko yaliyosukuma filamu ziboreshwe katika rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti. Mbao zilipata mtetezi kabla ya watu! Katika miaka ya 1990 zilianza kutumika kadi zenye watu wa rangi mbalimbali, na mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kwamba kamera yake imetengenezwa ili iziheshimu ngozi za rangi zote. Wenye mashine wameanza kulikiri kosa la mashine zao, nasi tunalirudisha kwa mikono yetu wenyewe.

Tusidhani pia kwamba kitufe cha mwanga hakina hukumu ndani yake. Mwezi Juni 1994, gazeti la TIME la Marekani lilichapa kwenye jalada picha ya polisi ya O. J. Simpson, aliyekuwa ameshtakiwa kwa mauaji, baada ya kuutia uso wake weusi zaidi. Wiki hiyo hiyo gazeti la Newsweek liliichapa picha ile ile bila kuibadilisha, na kila mwenye macho akaona tofauti. Kikazuka kilio kikubwa kwamba mtu amefanywa aonekane mwenye hatia kabla ya kuhukumiwa. Tuutafakari mfano huo. Aliyetaka kutisha alizidisha weusi. Fundi wetu aliyetaka kupendeza aliupunguza. Mikono miwili imezungusha kitufe kuelekea pande mbili, lakini imani iliyoiongoza ni moja.

Watakuwapo watakaotuambia: "Baba, wateja wenyewe ndio wanaotaka." Wengine wanataka, hatukatai. Lakini tuwaulize wametoa wapi kiu hiyo. Tunawafahamu dada zetu, na siku hizi kaka zetu pia, wanaojipaka mkorogo. Serikali zetu zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, kwa kuwa zebaki hudhuru figo, na bado vinauzwa kwa kificho. Marufuku ya dukani itafaa nini, ikiwa binti anaketi sebuleni kwake kutazama siku iliyo kuu kuliko zote katika maisha yake, na video inamwambia kwamba hata siku hiyo hakutosha? Hilo ni tangazo la mkorogo, na aliyetumiwa kulipamba ni yeye mwenyewe.

Wengine watauliza: "Mbona vipodozi vya kawaida hamvikatazi?" Hatuvikatazi. Bibi harusi aliyepambwa alijitazama kwenye kioo, akakubali, akatoka mbele za watu akiwa hivyo, na jioni akanawa. Alichofanyiwa na kompyuta hakukiona, hakukikubali, wala hakinawiki. Wageni walioshuhudia ndoa yake hawakumwona mtu huyo. Video ya harusi ni ushuhuda, na ushuhuda uliopambwa hata ukampoteza mhusika ni ushuhuda wa uongo.

Tena iko hatari iliyo kubwa kuliko hiyo ya harusi. Siku hizi familia nyingi hutengeneza video za kumbukumbu ya marehemu, zikiunganisha picha za zamani na vipande vya sherehe alizohudhuria. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Bibi harusi aweza kulalamika, marehemu hawezi. Mjukuu atakayezaliwa baada ya miaka kumi hatamjua babu yake ila kwa video hiyo. Tukimpa babu aliyeng'arishwa, tumemnyang'anya mtoto huyo babu yake. Atajitazama kwenye kioo, aone weusi wake, asijue umetoka kwa nani.

Na sisi wenyewe hatuna mikono safi. Kwaya yetu ilipotoa video yake, waimbaji walitoka wote wamepauka kama waliomwagiwa unga. Tuliiona, tukapongeza, tukanunua nakala, wala hatukusema neno. Tunakiri kwamba tulikosa.

Basi tunaomba mambo yaliyo katika uwezo wetu. Ninyi mafundi, mtafuteni mtu mweusi kwa nuru, si kwa kumfuta: msogezeni karibu na dirisha, rudisheni mwanga usoni pake hata kwa kitambaa cheupe, na pimeni mwanga kwa kuufuata uso wake badala ya gauni lake jeupe. Rekebisheni picha nzima kwanza, na msiiguse ngozi ya mtu bila ruhusa yake. Ninyi maharusi na kamati zenu, lisemeni jambo hili siku ya makubaliano, kabla ya malipo ya awali. Ninyi wazazi, msimpongeze mtoto kwa picha aliyotoka mweupe. Mpongezeni kwa ile aliyotoka yeye.

Kuhusu bibi yetu yule, habari ni njema. Fundi alikuwa bado ameihifadhi picha ya awali, naye hakuwa mbishi tulipomwendea. Aliirudia kazi bila kudai malipo. Juma hili tulipompelekea Bibi Komunyo nyumbani, tulikuta amekwisha kuitazama mara mbili. Tulimuuliza kama sasa anamfahamu bibi harusi. Akasema: "Ndiye, Baba. Amefanana na mama yangu."

Tunawatakia Dominika njema.