Rubani wa jeshini au wa uraiani? Tunauliza swali sipo

Kuna kauli ambayo nimeisikia mara nyingi hapa Pwani, barazani na hata kwenye foleni ya uwanja wa ndege: ukisafiri, omba rubani wako awe aliwahi kuwa mwanajeshi. Askari amerusha ndege za kivita, husemwa, kwa hivyo hii ya abiria kwake ni kama tuktuk. Yule aliyesomea shule ya kulipa ni mtoto wa tajiri aliyenunua leseni.

Kauli hii ina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe umewekwa mahali sipo.

Tuanze na njia zenyewe. Kwa viwango vya kimataifa, anayetaka leseni ya rubani wa biashara kwa njia ya kawaida anahitaji takriban saa 200 za kurusha ndege. Leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria, inataka saa 1,500. Raia huanza kwenye ndege ndogo, kama zile za shule za Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, halafu hujikusanyia saa kidogo kidogo. Mwanajeshi huchujwa kwanza, hufundishwa kwa gharama ya serikali, kisha hulitumikia jeshi kwa miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Huko Marekani, rubani wa Jeshi la Wanahewa hujifunga miaka 10 baada ya kuhitimu.

Marekani hiyohiyo imeuthamini ujuzi wa jeshini kisheria. Mwaka 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo na watu 50 wakafa. Bunge likatunga sheria mwaka uliofuata, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege anatakiwa awe na saa 1,500. Lakini aliyetoka jeshini anaruhusiwa kuanza akiwa na saa 750, na mwenye shahada ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa saa 1,000. Maana yake, saa iliyosimamiwa vizuri ina uzito kuliko saa ya kuzunguka angani ili kitabu kijae. Na tusisahau kwamba marubani wote wawili wa ndege ile ya Buffalo walikuwa wameshapita saa 1,500.

Sasa tutazame matukio yenyewe. Januari 15, 2009, ndege ya US Airways iligonga bata bukini baada ya kupaa New York, na injini zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani mkuu, Chesley Sullenberger, aliwahi kurusha ndege za kivita za F-4. Msaidizi wake, Jeffrey Skiles, alijifunza urubani uraiani. Sullenberger alishika usukani, Skiles akashughulika kujaribu kuwasha injini. Wakiwa karibu kutua juu ya mto Hudson, mkuu yule alimuuliza msaidizi wake kama ana wazo lolote. Watu wote 155 walitoka hai. Nani aliyewaokoa, askari au raia? Wote wawili, kwa sababu kila mmoja alifanya kazi yake na mkubwa hakuona haya kumuuliza mdogo.

Linganisha na usiku wa Desemba 22, 1999, Uingereza. Ndege ya mizigo ya Korean Air ilipaa kutoka Stansted. Rubani mkuu alikuwa kanali wa zamani aliyerusha ndege za kivita. Kifaa chake cha kuonyesha mlalo wa ndege kilikuwa na hitilafu, naye akazidi kuilaza ndege upande. Kifaa cha msaidizi kilikuwa kizima, kengele ya onyo ikilia, na fundi wa safari akionya kwamba ndege inalala. Msaidizi hakutamka neno wala hakushika usukani. Wote wanne waliokuwamo walifariki. Baadaye shirika hilo lilibadilisha mafunzo yake ili mdogo aweze kumsahihisha mkubwa.

Msiba wetu wenyewe pia una somo. Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways ilianguka katika kinamasi cha mikoko muda mfupi baada ya kupaa kutoka Douala, Kameruni, na watu 114 wakapoteza maisha. Ripoti ya uchunguzi ilitaja kukosekana kwa ushirikiano kati ya marubani wawili na kutofuatwa kwa taratibu za kufuatilia mwenendo wa ndege. Hilo halikuwa suala la gwanda. Ni kwamba ndege ililala taratibu gizani na hakuna aliyeliona na kulisema mapema.

Kwa hivyo ukweli ulio ndani ya kauli ya barazani ni huu: sifa ya jeshi ni chujio lake. Haangaliwi baba ana nini. Anaangaliwa kijana ana nini. Asiyeweza hurudishwa, hata akiwa mtoto wa mkubwa, mradi sheria ifuatwe. Upungufu wake ni cheo, kinapoingia katika chumba cha marubani na kufunga vinywa. Upande wa uraiani, kijana huzoea mapema kufuata taratibu za safari za abiria. Ila chujio la kwanza ni mfuko. Mafunzo yanagharimu mamilioni ya shilingi, na anayeshindwa kulipa huondoka hata akiwa hodari.

Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi. Ndege zinatua Mombasa, Malindi, Ukunda na Manda kila siku. Watoto wetu wanabeba mizigo, wanaendesha teksi, wanahudumia wageni waliozishukia. Ni wangapi wako kule mbele? Msichana wa Kwale au mvulana wa Lamu aliyefaulu hisabati, fizikia na Kiingereza ana milango miwili: asubiri nafasi chache za jeshi, au azaliwe tena katika nyumba ya tajiri.

Mimi nasema kaunti zetu na wabunge wetu wanaweza kufungua mlango wa tatu. Badala ya kuigawa basari yote vipande vidogo visivyommalizia yeyote karo, itengwe sehemu ya kuwasomesha vijana wachache kila mwaka hadi wapate leseni. Wachaguliwe kwa mtihani wa wazi, matokeo yabandikwe hadharani, na wafunge mkataba wa kurejesha fedha wakishaajiriwa ili wa nyuma yao nao wasome. Tulichukue chujio la jeshi, tuliache gwanda.

Wagombea watakapokuja kuomba kura, wengi watatuahidi viwanja vikubwa zaidi vya ndege. Tuwaulize ni nani watakaozirusha.