Mota, Kontrola na Hela ya Saruji

Leo tuwaache kidogo mawifi na wakwe, tuzungumze kuhusu gari la rimoti. Usifungue ukurasa mwingine kwanza! Hicho kidude nusura kinikosanishe na mume wangu, hapa hapa Pongwe.

Simaanishi yale ya plastiki ya sokoni yanayotumia betri za tochi. La mume wangu ni bagi, gari la kukimbizwa vumbini, ukubwa wake ni moja ya kumi ya gari la kweli, lina springi, difu na mota ya kubadilisha. Mchezo wenyewe ni wa siku nyingi. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa bagi ya Rough Rider mwaka 1979, na ile ya Hornet mwaka 1984. Watoto waliokuwa wakiyatamani enzi zile leo ni watu wazima wenye mishahara, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Jumapili moja mzee alirudi na boksi dogo. Nikamuuliza amenunua nini. "Kamota tu," akasema. Akakafunga, akachomeka na betri mpya, tukatoka wote hadi kiwanjani. Jamani, gari liliruka! Watoto wa jirani wakapiga kelele, mwenyewe anacheka mpaka jino la mwisho. Hazikupita dakika tatu, tukasikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi. Sisi huku Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Raha yake ilikuja asubuhi ikaondoka mchana.

Usiku, wakati natafuta namba ya fundi kwenye simu yake, nikakutana na meseji ya malipo. Hela ile ilikuwa sawa na mifuko 10 ya saruji, na ilitoka kwenye akiba ya chumba chetu cha nyuma. Nilinuna siku nne. Siku ya tano nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu taratibu, "Ningekwambia, ungenicheka."

Hapo nilikosa la kusema, maana ni kweli. Mwaka mzima nilikuwa namwita mtoto wangu wa pili, tena mbele za watu.

Basi tukamwita rafiki yake wa Ngamiani, fundi wa kusuka mota. Alilifungua lile gari juu ya meza yangu ya chakula, akatikisa kichwa. "Shem, mota haina kosa, na betri haina kosa. Hawa wameozeshwa bila kuulizwa." Akatueleza kwa utaratibu, nami leo nakueleza wewe, iwe mwenye gari ni wewe au ni huyo unayelala naye.

Anza na betri

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Betri ina seli ngapi?" Betri za lipo zinazotumika siku hizi zina volti 3.7 kwa kila seli. Seli mbili ni volti 7.4, seli tatu ni volti 11.1. Kontrola, yaani kile kiboksi kinachopokea amri ya rimoti na kupimia mota umeme, huandikwa mwisho wa seli inazoweza kubeba. Ya kwetu ilikuwa ya seli mbili tu. Mzee aliichomeka betri ya seli tatu. Kilichofuata unakijua.

KV si nguvu

Mota za kisasa hazina brashi za kaboni ndani. Zinadumu zaidi na hazipotezi umeme mwingi kama zile za zamani, ila zinahitaji kontrola yake maalumu. Kontrola ya mota ya brashi haiwezi kuiendesha.

Kwenye mota hizi kuna namba ya KV. Wanunuzi wengi huiona wakadhani ikiwa kubwa ndiyo mota yenye nguvu. Sivyo. Ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haijabeba mzigo. Mota yetu ilikuwa ya KV 4,300. Zidisha kwa volti 11.1, unapata mizunguko 47,730. Kwa bagi ya saizi yetu, kwenye kiwanja cha vumbi, huo ni wazimu. Mota ya KV 3,300 kwa betri ya seli mbili inakupa mizunguko 24,420, na hiyo inatosha kabisa kukukimbiza ukiwa na ndala.

Ukilinganisha mota mbili za umbo moja, yenye KV kubwa huzunguka kwa kasi lakini hula ampea nyingi na kupata joto haraka. Mabagi makubwa ya kipimo cha moja ya nane hufanya kinyume. Huchukua mota nene yenye KV ya chini, kama 2,000, kwa betri ya seli nne. Volti zinapanda, KV inashuka.

Kontrola iwe na nafasi

Fundi akaniuliza, "Shem, umewahi kuchomeka pasi kwenye waya mwembamba wa ekstensheni?" Nimewahi, na ule waya ulilainika kama chapati. Ndivyo inavyokuwa kontrola ndogo inapopewa mota yenye njaa. Mota huvuta inachotaka, wala haiulizi kama kontrola inaweza.

Ya kwetu iliandikwa ampea 35. Kwa bagi ya moja ya kumi isiyo na brashi, alishauri ya ampea 60, inayokubali seli mbili mpaka tatu, halafu sisi tutumie mbili tu. Kontrola kubwa kuliko hitaji haiumizi mota, ila ndogo huungua. Na kama wewe ni mgeni, nunua mota na kontrola zikiwa seti moja. Zenye sensa huondoka taratibu bila kusitasita, ila kwa kuanzia zisizo na sensa zinatosha na bei yake ni nafuu.

Vumbi, chumvi na kidole

Vumbi jeupe la huku kwetu linaingia kila mahali, na ukienda Raskazone unaongeza mchanga wa chumvi. Chagua kontrola iliyozibwa isiingize maji wala vumbi. Lakini kumbuka kwamba beringi hazikuzibwa hivyo. Ukirudi nyumbani, piga brashi, futa, kausha, tia tone la mafuta.

Baada ya dakika tatu za kwanza, simamisha gari uguse mota kwa tahadhari. Ukishindwa kuweka kidole hata sekunde chache, acha kwanza, ipoe. Dawa yake mara nyingi si mota mpya. Ni kubadilisha ile gia ndogo iliyo kwenye mota uweke yenye meno machache. Mwendo utapungua kidogo, na joto litapungua pia.

Mwisho, washa ulinzi wa lipo kwenye kontrola ili izime kabla betri haijaisha kabisa, na usiichaji ukiwa umelala. Moto wa lipo hauna mzaha.

Na sisi je?

Ile mota ya KV 4,300 tuliiuza. Seti mpya, KV 3,300 na ampea 60, tuliinunua miezi miwili baadaye, kutoka kwenye fungu lenye jina. Siku hizi bajeti yetu ina mstari wa starehe yake na mstari wa starehe yangu, kiasi sawa, na hakuna anayeulizwa kaufanyia nini. Akiba ya saruji haiguswi mpaka wote wawili tumesema ndiyo. Chumba kimechelewa, lakini kinapanda.

Na mimi nimeacha kumcheka. Mpenzi msomaji, tunalalamika kuwa wenzetu wanatuficha mambo, ila tukumbuke kujiuliza walipotuambia mara ya mwisho tuliwajibu nini. Mtu akichekwa kwa kitu anachokipenda, hakiachi, anakipeleka chumbani kimya kimya pamoja na risiti yake.

Kwa hiyo wikiendi hii, kabla hujamkataza mwenzako, kaa naye muulizane: betri ina seli ngapi, kontrola inabeba ampea ngapi, na hela inatoka fungu gani? Swali la tatu ndilo la kwenu wawili, na halihitaji fundi.

Jumapili iliyopita nilipewa rimoti. Nimeligonga kwenye mgomba, na mzee hakununa hata siku moja. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.