Mwana Akirudi Toka Machimboni Akiwa Amebadilika

 

Mwezi huu tumeona vema tuzungumzie jambo ambalo katika vikundi vyetu hutajwa kwa sauti ya chini, au halitajwi kabisa. Mama akiwa na mgonjwa wa malaria nyumbani, majirani huja na uji. Akiwa na mgonjwa wa akili, au mume aliyeshindwa na gongo, majirani hao hao hupita mbali. Sisi nasi tumewahi kupita mbali, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Yaliyotokea kwa mwenzetu

Mama mmoja wa wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, tuliyekuwa tukisali naye, alikuwa na kijana wa miaka 24. Mwaka ambao mvua ilikatika mapema na pamba ikakauka shambani, kijana aliwafuata wenzake kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Kwa miaka miwili alileta fedha kidogo kidogo, nyumba ya mama yake ikapata bati. Mwaka wa tatu habari zake zikapungua. Kisha jioni moja alishushwa kwenye basi na wachimbaji wenzake wawili, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Walieleza kwamba alikuwa halali usiku, alisikia watu wakimsema akiwa chini ndani ya duara, na alitaka kumpiga mwenzake kwa sururu akisema amemtilia sumu.

Nyumbani alifungwa kwenye nguzo. Ndugu wa baba yake wakachanga fedha, wakaenda kwa mpiga ramli. Walirudi na jibu: kijana amerogwa, na aliyemroga ni bibi mjane wa nyumba ya tatu, yule mwenye macho mekundu.

Sisi wanawake tunajua macho hayo yanatoka wapi. Yanatoka kwenye miaka hamsini ya kupuliza moto wa kuni mbichi na mavi ya ng'ombe. Lakini katika Shinyanga maneno ya namna hiyo hayaishii kuwa maneno. Vikongwe wameuawa kwa mapanga usiku kwa sababu ya kutajwa tu. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, kwa kuwa damu ya albino na ya wazee ilikuwa imemwagika kwa ushauri wao.

Mama yule alijua hayo. Alijua pia kwamba bibi huyo ndiye mkunga aliyemkata kitovu kijana wake. Alinyamaza siku mbili, akiogopa shemeji zake. Siku ya tatu aliwaambia mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: "Bibi huyu akiguswa, shahidi wa kwanza nitakuwa mimi." Kisha akamfungua mwanawe asubuhi, akamsihi ale, na akiwa na kaka yake mmoja wakaenda naye zahanati kwa baiskeli.

Tabibu wa zahanati aliandika barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Huko kijana alipewa dawa za kutuliza akili, na mama akaulizwa maswali ambayo mpiga ramli hakuyauliza: Anavuta bangi? Tangu lini? Anakunywa nini, na kiasi gani? Halali tangu siku gani? Kwenu kuna mwingine aliyewahi kuugua hivi? Katika muda wa wiki sita hivi sauti zilipungua, akaanza kulala na kuoga mwenyewe.

Hapo pakatokea kosa ambalo hutokea katika nyumba nyingi. Kijana alipoonekana mzima, dawa zikaachwa. Baada ya miezi mitatu ugonjwa ulirudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na safari ikaanza upya. Leo anachoma sindano kila mwezi, analima mtama na kuchunga mbuzi wa mama yake. Bado ni mkimya, na machimboni hakurudi. Bibi mkunga yu hai, na huja kuomba chumvi kama zamani.

Na sisi je? Katika wiki zote ambazo kijana alikuwa amefungwa kwenye nguzo ile, hakuna hata mmoja wa kikundi chetu aliyefika. Tulimwombea kanisani, tena bila kumtaja jina. Mama yule hajatulaumu hata siku moja, na hilo linatuchoma zaidi.

Kwa nini machimboni

Ugonjwa wa akili hauchagui mahali. Humpata mwalimu, humpata mchungaji, na humpata mama aliyejifungua juzi. Lakini maisha ya machimbo yana mitego yake. Kijana hushuka duara lenye kina kirefu, hewa kidogo, matimba yakilia juu ya kichwa chake. Wengi hawana mshahara. Hulipwa mgawo wa mifuko ya mawe, na mawe yakikosa dhahabu, amefanya kazi bure. Akiona mwenzake amefukiwa na kifusi, kesho yake hutakiwa kushuka tena. Ili ashuke, anakunywa. Ili alale, anavuta. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, lakini gongo haikuondoka, na gongo haina kipimo. Ikichanganyika na pombe ya sumu hupofusha na kuua. Bangi nayo, ikivutwa kila siku tangu ujana, huongeza hatari ya kuugua ugonjwa wa kusikia sauti na kuona yasiyokuwapo.

Liko jambo jingine ambalo akina mama wa maeneo kama Rwamagasa, Nyarugusu na Mwakitolyo wanapaswa kulijua: zebaki, ile dawa ya kukamatisha dhahabu. Ikichomwa, moshi wake hauonekani vizuri, lakini huingia mapafuni na kufika kwenye mishipa ya fahamu. Anayeivuta kwa muda mrefu hutetemeka mikono, hukosa usingizi, husahau, na huwa mwepesi wa hasira. Mwaka 2003 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa waliwapima watu wa Rwamagasa, wakakuta dalili za sumu hiyo kwa baadhi ya wachomaji. Kwa hiyo mume aliyekuwa mpole akigeuka mkali na mikono ikaanza kutetemeka, usiseme haraka kwamba ni tabia. Na kamwe zebaki isichomwe jikoni, wala kwenye kikaango cha chakula, wala karibu na mama mjamzito na watoto.

Huduma ziko wapi

Wengi hudhani matibabu ya akili yako Mirembe peke yake, kule Dodoma, safari ya siku nzima kwa basi kutoka Shinyanga. Mirembe imewahudumia wagonjwa tangu miaka ya 1920, na bado ndiyo hospitali ya taifa ya magonjwa haya. Kanisa nalo halikukaa nyuma. Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, wamisionari wa Kilutheri waliwapokea wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, wakiwatunza kwa dawa, sala na kazi za mikono.

Lakini mgonjwa hahitaji kuanzia mbali. Anzia zahanati au kituo cha afya, upate barua ya rufaa. Hospitali ya wilaya au ya mkoa ndipo pa kuuliza kliniki ya afya ya akili ni siku gani. Kwa kanda nzima ya ziwa, Hospitali ya Bugando jijini Mwanza ina idara ya magonjwa ya akili. Kifafa pia hutibiwa katika kliniki hizo, na kifafa si cha kuambukiza. Kama fedha hakuna, muulizeni afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa matibabu, msirudi nyumbani kimya.

Hatutaficha kwamba dawa mara nyingine hukosekana. Mama anafika baada ya kilomita 40, anaambiwa aje wiki ijayo. Kwa sababu hiyo, nenda kabla dawa hazijakwisha, siku kumi mapema. Na kama sindano ya mwezi inakosekana kila mara, kikundi cha akina mama kikilifikisha jambo hilo kwa diwani na kwa mganga mkuu wa wilaya, watasikilizwa kuliko mama mmoja.

Mambo ya kushika

Kwanza, dawa za akili haziachwi kwa sababu mgonjwa amepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Ni tabibu atakayesema lini zipunguzwe. Zikimletea kukakamaa shingo, kutoka mate au usingizi mwingi, rudi ukaeleze, maana mengi ya hayo yanarekebishika.

Pili, mlevi wa kila siku asikatishwe pombe ghafla kwa kufungiwa ndani. Akina mama wengi wamefanya hivyo kwa upendo. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa mara moja huanza kutetemeka na kutoka jasho. Mtu anaweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akapoteza maisha. Mpeleke hospitali aachishwe chini ya uangalizi.

Tatu, mtu akisema amechoka kuishi, usimkemee wala usidhani anatishia. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Kunampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake. Na zile chupa za dawa ya pamba zilizo chini ya kitanda, ziondoeni leo, zifungiwe kwa jirani mwaminifu.

Nne, mama aliyejifungua ambaye ndani ya wiki za mwanzo halali, anaongea yasiyoeleweka, au anamwogopa mtoto wake, ni mgonjwa wa dharura. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo pamoja na mtoto na mtu wa kuwaangalia.

Tano, anayepigwa na mume mlevi hafungwi na mafundisho haya kukaa apigwe. Kumhurumia mgonjwa ni jambo moja, na kuyalinda maisha yako na ya watoto ni jingine. Ondoka kwanza, matibabu yazungumzwe ukiwa salama.

Sala na dawa havigombani. Tuombe, tena kwa bidii. Lakini kiongozi yeyote wa dini anayekuamuru utupe dawa ya mgonjwa anachukua jukumu ambalo Mungu hakumpa.

Benchi la bibi

Huenda mtasema: sisi si wauguzi, tutafanya nini? Sikilizeni habari za Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alipoona madaktari wenzake ni wachache mno, aliwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare, jijini Harare. Kila bibi alikaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, akamsikiliza mtu mwenye huzuni na mawazo, kisha wakachagua pamoja tatizo moja la kuanzia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Usukumani bibi tunao, na miti ya kivuli tunayo. Kikundi cha akina mama kinaweza kumwomba muuguzi wa kituo cha afya aje siku moja awafundishe. Kinaweza kupanga zamu: wawili wanampelekea mwenzao uji na kukaa na mgonjwa ili yeye alale, mmoja anakumbuka tarehe ya sindano, fedha kidogo ya kikundi inakuwa nauli. Zaidi ya yote, kinaweza kukataa kwa pamoja jina la kikongwe lisitamkwe. Mama mmoja akikataa peke yake yuko hatarini. Wakikataa ishirini, ukoo husita.

Tumkumbuke yule mtu wa Wagerasi katika Marko sura ya 5. Kijiji chake kilijaribu minyororo, ikashindikana, akaachwa makaburini. Alipoponywa alitaka kufuatana na Bwana, lakini Bwana alimtuma nyumbani kwa watu wake. Tukilisoma tena, tunajiuliza: alipofika, nani alimfungulia mlango? Nani alimpa chakula bila kuogopa? Yako majumba ya Kishapu, Kahama na Geita yanayongoja jibu letu.

Wiki hii, kila mmoja wetu amtaje moyoni mwenzetu mmoja ambaye tumekuwa tukipita mbali na nyumba yake. Tukampigie hodi.

Ee Mungu Baba, utusamehe kwa milango tuliyoipita. Uwatie nguvu mama wanaokesha na wagonjwa wao usiku huu, uwape waganga wetu hekima na dawa, na uwalinde vijana wetu walioko chini ya ardhi. Amina.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.