Elfu tatu ya kumwondoa dalali mlangoni haipunguzi deni lako

Kuna malipo ambayo hayana jina kwenye menyu ya simu yako lakini watu wanayafanya sana. Dalali wa mnada amefika kwenye ploti na pikapu na vijana watatu. Majirani wametoka kuangalia. Anakuita pembeni na kukuambia polepole, "Mama, tupatie kitu kidogo tu, tutasema hatukukupata." Dakika mbili baadaye elfu tatu imetumwa kwa namba yake, pikapu imegeuka, na watu wa nyumbani wanapumua.

Mimi nasema hiyo ndiyo pesa mbaya zaidi ambayo mtu mwenye deni anaweza kutuma. Ni mbaya kuliko hata riba ya mkopo wa simu, kwa sababu riba angalau iko kwenye hesabu ya deni. Hii haiko popote.

Chukua mfano wa mtu anayelipa rent ya 12,000 na amekaa miezi mitatu bila kulipa. Deni ni 36,000. Dalali amekuja mara tatu, na kila mara amepewa 3,000. Huyo mtu ametumia 9,000, karibu rent ya mwezi mzima, lakini kwenye kitabu cha landlodi bado imeandikwa 36,000. Tena ni zaidi, kwa sababu mwezi wa nne umeingia, na dalali naye ana ada yake ya kisheria ambayo mwisho wake hudaiwa kwako. Zile 9,000 ukiziuliza, hakuna anayezijua. Landlodi atakuambia hakuona kitu, na kwa kweli hakuona.

Naelewa kwa nini watu wanalipa. Hofu ya kupoteza friji ni kubwa, lakini aibu ni kubwa zaidi. Sofaseti ikikaa nje ya geti saa nne asubuhi, watoto wako watasikia shuleni. Dalali mzuri anajua kuuza hiyo aibu. Ndiyo maana anaongea kwa sauti ya juu akifika na kwa sauti ya chini akikuita pembeni.

Lakini akija, kitu cha kwanza kukumbuka ni kwamba mara nyingi haji siku hiyo kubeba. Kazi yake inaongozwa na Sheria ya Madalali ya 1996 na kanuni zake za 1997. Kanuni zinasema mali ya kuhamishika ikikamatwa kwa amri ya korti, kwanza anaandika orodha. Kila kitu kinatajwa, hali yake na bei anayoikadiria. Hiyo karatasi watu wengi huiita proklamesheni. Inatiwa sahihi na mwenye mali au mtu mzima anayeishi au kufanya kazi hapo, na mkikataa kusaini, dalali anaandika kwamba mmekataa. Halafu anakupa notisi ya siku 7 ya kulipa na kukomboa vitu vyako. Siku zikiisha bila malipo, ndipo anabeba. Hata akibeba, lazima atangaze mnada gazetini, na mnada wenyewe usifanyike kabla ya siku 7 kupita tangu tangazo la kwanza. Kwa hivyo tangu karatasi ifike hadi nyundo igongwe, una angalau wiki mbili. Kwa deni la rent, siku zako utaziona kwenye notisi yenyewe. Hesabu kuanzia siku uliyoipokea, na andika hiyo tarehe juu ya karatasi kwa mkono wako.

Wiki mbili ni muda wa kutosha kupigia ndugu simu, kuuza kitu kwa bei yako mwenyewe badala ya bei ya mnada, au kukaa chini na anayekudai. Ukitoa 3,000 mlangoni, unanunua muda ambao sheria tayari imekupa bure.

Muulize karatasi mbili kabla hujazungumza habari ya pesa: leseni yake ya mwaka huu, na barua ya maagizo au hati ya korti iliyomtuma. Uliza kwa heshima. Dalali wa kweli anazo, na haoni vibaya kuzionyesha. Bodi ya kutoa leseni kwa madalali hutoa orodha ya walio na leseni, kwa hivyo jina lake unaweza kulitafuta. Piga picha ya hizo karatasi kwa simu yako. Kama hana hata moja, huyo ni mtu tu mwenye pikapu, na mahali pa kwenda ni kituo cha polisi kuandikisha OB.

Kujua nani amemtuma ni muhimu, kwa sababu madeni hayafanani. Kwa rent ya nyumba ya kawaida, landlodi anaweza kumtuma dalali kukamata mali hata bila hukumu ya kesi. Hapo wengi hukosea wakidhani lazima kuwe na korti. Lakini kama nyumba yako ni ya rent isiyozidi 2,500 kwa mwezi, kuna tribunali ya kodi za nyumba inayosimamia jambo hilo. Na kama ni duka, hoteli au kibanda cha chakula na mkataba wako na landlodi ni wa mdomo tu, ama ni wa maandishi lakini hauzidi miaka mitano, tribunali ya nyumba za biashara ndiyo yenye mamlaka ya kuruhusu mali ikamatwe. Wenye maduka madogo wengi wako chini ya ulinzi huu na hawajui. Tena, dalali aliyetumwa kukamata vitu kwa ajili ya rent hajatumwa kukufukuza kwenye nyumba. Hizo ni kazi mbili, na ya pili inahitaji amri yake.

Mkopo wa simu ambao hukuweka kitu chochote dhamana ni hadithi nyingine. Meseji inayosema "dalali wetu atafika kwako leo saa nane" bila kesi yoyote ni vitisho. Kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, na zinakataza pia kuwapigia watu walio kwenye simu yako. Anayekudai ana haki ya kwenda korti, na siku hizi Korti ya Madai Madogo inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Kwa hivyo ukipata hati za korti usizitupe kwenye droo. Watu wengi hushindwa kesi kwa kutofika tu, halafu dalali anakuja na karatasi halali kabisa.

Sasa pesa. Ukipata pesa ya kulipa, hata nusu, ilipe pale deni liliposajiliwa. Kama rent yako hulipwa kwa paybill ya ejenti na namba ya nyumba, lipa kwa paybill hiyo hiyo, na namba ya akaunti iwe ileile ya siku zote. Kama ni benki au sako, lipa kwenye akaunti ya mkopo. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama jina si la ejenti wala la landlodi, simama hapo. Pesa iliyotumwa kwa namba ya mtu binafsi kurudishwa kwake ni kazi ngumu, hasa akiwa ameshaitoa, na sisi kampuni ya pesa hatuwezi kuamua nani alikuwa anamdai nani.

Ada ya dalali ni halali na lazima ilipwe. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaolipa landlodi deni lote kisha wanashangaa vitu vyao bado viko yadi. Lakini ada hiyo imewekwa na kanuni, haitolewi kichwani. Mwambie akuandikie hesabu yake, kitu kimoja kimoja, na ulipe kwa till au akaunti ya kampuni yake, kando na deni, akupe risiti. Ukiona hesabu imepita kiasi unaweza kuipinga. Dalali anayekataa kuandika hesabu lakini anataka utume "kwa hii laini yangu nyingine" amekujibu tayari.

Na kama kweli barua ya maagizo inasema deni lenyewe lilipwe kupitia dalali, hiyo inawezekana, lakini mpigie anayekudai kwanza, kwa namba uliyokuwa nayo zamani na si ile uliyopewa mlangoni.

Kila malipo yanaleta meseji yenye namba ya muamala. Hiyo meseji usiifute. Mtumie landlodi au ejenti siku hiyo hiyo, na maneno machache: "Nimelipa 10,000 ya deni la nyumba B7, imebaki 26,000." Akijibu hata kwa "Sawa", umepata ushahidi ambao mtu wa risiti za karatasi hana. Kama deni ni kubwa kupita 250,000, ambacho ndicho kiwango cha juu cha muamala mmoja, utatuma zaidi ya mara moja. Weka namba zote pamoja. Simu ikipotea, taarifa ya akaunti bado unaweza kuiomba, na itaonyesha tarehe, kiasi na aliyepokea.

Taarifa hiyo ina kazi nyingine ambayo watu hawaifikirii. Dalali akiandika orodha, huandika kila anachokiona. TV ni ya mdogo wako aliyekuja kukaa miezi miwili. Mashine ya kusukia ni ya mteja. Vitu vya mtu mwingine havifai kulipia deni lako, na mwenye vitu anaweza kwenda korti kupinga vikamatwe, lakini ataulizwa ushahidi. Kama alinunua kwa simu, malipo ya till ya duka kwa jina lake siku ile ndiyo mwanzo mzuri. Mwambie aitafute leo, asingoje siku ya mnada.

Kuna pia vitu vyako mwenyewe visivyoguswa. Kwenye deni lililoamuliwa na korti, sheria inalinda nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, na vifaa unavyohitaji kwa kazi yako. Fundi wa nguo mwenye cherehani moja, kinyozi na mashine yake, hawa wana la kusema. Ukiona cherehani imeandikwa kwenye orodha, lisemee hapo hapo, na liandikwe.

Kuhusu mazungumzo, nina maoni ambayo wenzangu wengine hawayapendi. Watu hufundishwa kuahidi kiasi kikubwa ili anayewadai atulie. Mimi naona ni afadhali uahidi 2,000 kwa wiki na uitume kila Ijumaa bila kukumbushwa, kuliko uahidi 15,000 mwisho wa mwezi na ulete sababu. Landlodi naye ni mtu. Wengi wana mkopo wa benki kwenye jengo hilo hilo, na kinachomfanya amtume dalali mara nyingi ni kimya chako, simu inayolia bila kushikwa wiki tatu. Malipo madogo manne yaliyofuatana kwenye taarifa yanamwambia mengi. Mkikubaliana, iandikwe kwenye meseji, na iseme wazi kwamba dalali amesimamishwa kwa muda huo. Hilo la mwisho husahaulika, na ndipo mtu anashangaa analipa kila wiki na pikapu bado inakuja. Kama kuna hukumu tayari, unaweza kuiomba korti ikuruhusu kulipa kidogo kidogo, na taarifa ya malipo yako ya nyuma ndiyo itakayoonyesha kama una nia.

Na landlodi wanaosoma hapa, acheni kukusanya rent kwa namba ya keateka. Mpangaji analipa, keateka anachelewa kupeleka, na mwisho dalali anatumwa kwa mtu ambaye hana deni. Keateka akiondoka kazini, na laini imeondoka. Till ya biashara haina shida kufungua, na inawalinda nyote wawili.

Kama ulishatuma ile "kitu kidogo", usikae nayo tu. Itafute kwenye taarifa yako: tarehe, kiasi, jina la aliyepokea. Mwandikie landlodi kwamba mtu aliyemtuma alichukua kiasi hiki, siku hii, na umwulize kama alikipokea. Landlodi wengi hawajui mambo haya yanafanyika kwa jina lao, na wakijua humbadilisha dalali. Malalamiko unaweza pia kuyapeleka kwa bodi inayowapa leseni, ukiambatanisha nakala ya notisi, picha ya leseni kama ulipiga, na namba ya muamala.