NDOA HAIPIMWI KWA HATI YA MSHAHARA

Wapo wasomi wetu, na baadhi yao ni watumishi wa umma wenye vyeo, wapendao kusema kwamba Mtanzania anayenyimwa ruhusa ya kumfuata mwenzi wake wa ndoa huko Ulaya amejitakia mwenyewe. Hakutunza karatasi, wanasema. Angalizitunza angalikuwa amekwisha kuondoka. Kauli hiyo husemwa kwa wepesi mno katika ofisi na mabaraza yetu, wala haifai kuachwa bila kujibiwa.

Tuzitazame karatasi zenyewe. Tumchukue mwalimu wa shule ya msingi wilayani Songea aliyeolewa na raia wa Uingereza. Ili amfuate mumewe hana budi kutoa cheti cha ndoa, cheti cha kufaulu mtihani wa Kiingereza, ushahidi kwamba wamekwisha kuonana ana kwa ana, na ushahidi kwamba wanakusudia kuishi pamoja daima. Mume naye, ikiwa ni mwajiriwa, hutoa hati za mshahara za miezi sita pamoja na taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, ili kila pauni iliyoandikwa katika hati ionekane ikiingia benki. Kisha huja picha, tiketi za safari na ujumbe wa simu, na yale waliyoandikiana kwa Kiswahili hayana budi kufasiriwa kwa Kiingereza na mfasiri aliyetia sahihi yake. Mume akimwuliza mkewe kama amekula, swali hilo huingia katika jalada la serikali ya kigeni, tena baada ya kulipiwa kwa ukurasa.

Huo ni usumbufu, lakini mtu aliyemzoea mangimeza anaweza kuuvumilia. Lisilovumilika ni fedha. Mwezi Julai 2012 Serikali ya Uingereza iliweka kiwango cha kipato: raia wake anayetaka kumleta mwenzi kutoka nje awe anapata pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango hicho kilipandishwa hadi pauni 29,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 80 za kwetu. Asiye na kipato kabisa aonyeshe akiba ya pauni 88,500 iliyokaa miezi sita. Mshahara wa mwalimu wetu wa Songea, anaoupata kwa jasho lake akiwa huku, hauhesabiwi hata senti moja. Mapema mwaka huo huo wa 2024 ada ya matibabu anayotozwa mgeni kabla hajapanda ndege ilikuwa imekwisha kupandishwa kufikia pauni 1,035 kwa kila mwaka wa ruhusa yake.

Hebu msomaji apige hesabu. Mfagizi wa London, mpishi wa hospitali na mlezi wa wazee wanaofanya kazi juma zima kwa kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na Bunge lao hawafikii pauni 29,000. Basi dola ile ile inayomwambia mfanyakazi wake kwamba ujira huu unamtosha kuishi, inamwambia pia kwamba haumtoshi kuishi na mkewe. Hapo kinachochunguzwa ni tabaka la mtu, wala si ndoa yake. Tajiri anaweza kuoa popote duniani; mvuja jasho aoe jirani. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika hukumu yake ya Februari 2017, iliona kwamba kanuni hizo hazikujali ipasavyo maslahi ya watoto, lakini kiwango chenyewe ikakiacha.

Wala jambo hili halikuanza jana. Mwezi Januari 1979, katika uwanja wa ndege wa Heathrow, mwalimu wa Kihindi mwenye umri wa miaka 35 aliyekwenda kuolewa alipimwa mwilini na daktari ili ijulikane kama kweli ni bikira. Magazeti yalipotoa habari, Serikali iliona haya na kuupiga marufuku upimaji huo. Lakini katika miaka ya 1980, mpaka ilipofutwa Juni 1997, ilitumika kanuni iliyomtaka mwombaji athibitishe kwamba shabaha yake kubwa ya kuoa haikuwa kuingia Uingereza. Mtu athibitishe jambo ambalo halimo moyoni mwake! Kwa karatasi gani?

Kisa cha mwaka 1985 kinafundisha zaidi. Wanawake watatu waliokuwa wakiishi Uingereza kwa halali, Abdulaziz, Cabales na Balkandali, walishtaki katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kwa kuwa waume zao walikataliwa, ilhali wanaume waliweza kuwaleta wake zao kwa urahisi zaidi. Mwezi Mei mahakama iliamua kwamba huo ni ubaguzi wa jinsia. Serikali ilitii, lakini ikatii kwa namna yake: badala ya kuwalegezea waume masharti, iliwakazia wake.

Tutaambiwa kwamba zipo ndoa za bandia, zinazonunuliwa kwa ajili ya pasipoti. Zipo, na hakuna mtu mwenye akili anayekana. Lakini ni nani mwenye jalada lililopangika kuliko mlaghai? Yeye ameijenga ndoa yake kwa ajili ya mkaguzi, kwa hiyo picha na risiti alianza kuzikusanya siku ya kwanza. Mume na mke wa kweli huzitupa, maana hawakuoana ili washinde kesi. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa na busara katika jambo hili. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, wachukuliwe kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Shahidi hapo ni jirani, na mzigo wa kuthibitisha umewekwa juu ya anayekanusha.

Hata hivyo hatuwezi kuwasuta Waingereza huku nyumba yetu imejaa vumbi. Mwalimu wetu wa Songea, kabla hajafika mbele ya mkaguzi wa kigeni, amekwisha kuchoka mbele ya mkaguzi wa kwao. Alizaliwa kijijini na hakuandikishwa. Anapotafuta cheti cha kuzaliwa ili apate pasipoti, hutakiwa alete kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cheti cha kumaliza shule, na barua ya mtendaji. Mtendaji yuko semina, mhuri umefungiwa kabatini, njoo kesho. Barua ikipatikana, inaonekana kwamba shuleni aliandikwa Mwajuma Saidi, katika cheti cha ndoa ni Mwajuma Said Mussa, na kliniki walimwandika Mwanajuma. Ni mtu mmoja, lakini ng'ambo atahesabiwa watatu. Kosa hilo lilianzia katika daftari la darasa la kwanza, mwalimu alipoandika jina kwa kulisikia bila kumwuliza mzazi linaandikwaje. Walimu wanaosoma ukurasa huu wanaweza kulikomesha Januari ijayo, siku ya kuandikisha watoto, bila kungoja waraka wowote kutoka wizarani.

Liko na la pili, ambalo ni la Bunge. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995, katika kifungu cha 11, imempa mke mgeni wa mwanamume wa Kitanzania njia yake maalumu ya kuomba uraia. Mume mgeni wa mwanamke wa Kitanzania hakupewa njia hiyo. Anapita katika mlango wa wageni wote na masharti yake ya miaka ya ukaazi. Ni ubaguzi ule ule waliopatikana nao Waingereza mwaka 1985. Botswana, Unity Dow aliishtaki serikali yake kwa kuwanyima uraia watoto wa wanawake walioolewa na wageni, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ilimpa haki. Sisi tukikirekebisha kifungu cha 11, tukirekebishe kwa kumfungulia mume mlango, tusije tukafanya kama walivyofanya Waingereza.