Bei ya gari ihesabiwe pamoja na redio yake

UKISIMAMA jioni kwenye foleni ya pantoni pale Kivukoni, vioo vya magari vikiwa vimeshushwa kwa ajili ya joto, utasikia jambo ambalo halimo kwenye kadi ya gari wala kwenye hesabu ya ushuru. Gari la kwanza redio inakoroma. La pili limeng'ang'ania kituo kimoja tangu liliposhuka melini. La tatu, dereva ameweka kiredio cha betri juu ya dashibodi, ilhali redio ya gari yenyewe, yenye kioo kipana, imezimwa. Mwenye gari hilo la tatu si bahili. Amekwisha kutumia fedha Kariakoo mara mbili au tatu na sasa amechoka.

Ukurasa huu umezoea mchele, sukari na dola. Lakini biashara ya vifaa vya muziki vya magari katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani inazungusha fedha za wananchi wengi, na sehemu kubwa ya fedha hizo inapotea kwa sababu mnunuzi hajui anachonunua na muuzaji hana haja ya kumwambia.

Chanzo cha yote ni huko gari linakotoka. Magari mengi yaliyotumika tunayonunua yanatoka Japani, kwa kuwa nao huendesha upande wa kushoto kama sisi. Lakini redio za Japani zilitengenezwa kupokea FM kuanzia 76 hadi 90 tu. Juu ya 90 Wajapani walikuwa wameweka televisheni zao za zamani, na walipozizima mwaka 2011 na 2012 ndipo walipopata nafasi ya kusogeza redio hadi 95. Sisi hapa FM yetu inaanza 87.5 na kuishia 108. Kwa hiyo redio ya IST au Noah ya zamani inakutana na vituo vyetu kwenye kipande kidogo tu, kuanzia 87.5 hadi 90.

Kwa Dar es Salaam kipande hicho si kitupu. Clouds wako 88.5, Wasafi 88.9, Radio One 89.5. Ndiyo maana mtu akijaribu gari yadi, muuzaji huwasha redio, muziki unalia, na mnunuzi anaridhika. Akifika nyumbani na kutafuta EFM kwenye 93.7 au Times kwenye 100.5, namba zinagota 90 na kurudi 76. Huo si ubovu. Redio ni nzima, ila ni ya kwao.

Wazee wa mjini watauliza mbona zamani hatukuyasikia haya. Ni kweli. Wakati wa Radio Tanzania tulisikiliza masafa ya kati na mafupi, na kwenye masafa ya kati redio ya Kijapani haina ugomvi na yetu, kwani wao na sisi tunapanga vituo kwa hatua zilezile za kilohezi 9. Kasoro ilikuwa imelala ndani ya dashibodi muda wote huo. Ilianza kuonekana katika miaka ya 1990, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo kwa FM, Radio One ikiwa imeanza mwaka 1994, na wakati huohuo magari yaliyotumika yakaanza kumiminika bandarini.

Sasa twende Kariakoo. Dawa ya kwanza utakayouziwa ni ekspanda, kidude kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio na kupewa umeme wa gari. Kazi yake ni kutoa. Kama ni ya 15, kituo cha 93.7 utakikuta 78.7, na cha 100.5 utakikuta 85.5. Hesabu ni nyepesi, lakini haielezwi dukani. Ukitoa 15 kwenye 88.5 unapata 73.5, ambayo iko chini kabisa ya mwanzo wa redio yako. Yaani unapata vituo vya juu na unaweza kuvipoteza vilevile ulivyokuwa navyo. Ukichukua ya 12, vyote nilivyovitaja vinaingia ndani ya kipimo, ila Times ya 100.5 inaangukia 88.5, mahali palepale ambapo mawimbi ya Clouds yenyewe yanapita moja kwa moja kwa nguvu. Hapo ndipo watangazaji wawili wanapozungumza kwa pamoja na fundi anakwambia antena ni mbovu, nunua nyingine.

Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye ekspanda ndiyo bidhaa yenyewe. Mnunuzi anayesema "nipe ekspanda" bila kutaja namba ni sawa na anayesema "nipe viatu".

Dawa ya pili, na ya bei ndogo kuliko zote, ni transmita. Hii unaichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, unaweka flashi au unaunganisha na simu, nayo inarusha wimbo kwa FM ndani ya gari lako. Vijana wa teksi za mtandaoni wanaipenda, na mimi siwalaumu, maana abiria wa siku hizi anataka nyimbo zake. Lakini transmita inarusha kuanzia 87.5 kwenda juu, na redio ya Kijapani inasikia mpaka 90 tu. Wanakutana kwenye kipande kilekile ambacho katikati ya jiji kimejaa vituo vyenye mitambo mikubwa. Kigamboni au Chanika utasikia vizuri. Ukiingia Bibi Titi, wimbo wako unamezwa na matangazo ya biashara. Aliyenunua anarudi dukani kulalamika, anapewa nyingine ya aina ileile, na ndani ya wiki mbili ana transmita tatu kwenye sanduku la gari.

Ajabu ni kwamba magari mengi ya Kijapani yenye redio za kioo yana tundu la AUX au sehemu ya kuunganisha waya nyuma ya redio, na waya wa kawaida wa simu ungemaliza kazi bila kurusha chochote hewani. Hauuzwi kwa kelele kwa sababu faida yake ni ndogo.

Kioo chenyewe nacho kina mambo yake. Betri ikikatwa, iwe safarini au kwa fundi, baadhi ya redio hizo hujifunga na kudai namba ya siri au kadi ya ramani, tena kwa maandishi ya Kijapani. Kadi ya ramani mara nyingi imeshachomolewa na kuuzwa, au mwenye gari mwenyewe ameitoa akidhani ni ya nyimbo. Televisheni iliyomo ndani haitashika kitu hapa, kwa kuwa Japani wana mfumo wao wa dijitali, ISDB-T, na sisi tulipoanza kuzima analojia tarehe 31 Desemba 2012 tulifuata mfumo wa Ulaya wa DVB. Hata DVD yenye alama ya ukanda wetu wa 5 inaweza kukataliwa, maana Japani ni ukanda wa 2. Kinachobaki kufanya kazi kikamilifu ni yule mama wa Kijapani anayekusalimu kila ukiwasha gari. Wengi hudhani anakukaribisha. Anachokwambia ni kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za Japani.

Ndipo mtu anapoamua kununua redio mpya, na hapa ndipo fedha nyingi zinapokwenda. Boksi limeandikwa wati 1,000, wakati mwingine zaidi. Ndugu msomaji, usisome boksi, soma fyuzi iliyo nyuma ya redio. Kama fyuzi ni ya ampia 15, na gari likiwa linaunguruma lina volti kama 14, redio hiyo haiwezi kuvuta zaidi ya wati 210 kwa jumla, na si zote zinazofika kwenye spika, kwani nyingine zinageuka joto. Ukivuta zaidi, fyuzi inakatika. Wati 1,000 ni za wino tu. Wafanyabiashara wanalijua hili vizuri kabisa. Nimemuuliza mmoja wa Mtaa wa Msimbazi kwa nini asiwaambie wateja, akanijibu kwamba jirani yake anaandika 1,200.

Kwa wenye mabasi hasara ni kubwa zaidi. Coaster na Rosa nyingi zinatumia volti 24, na redio za madukani ni za volti 12. Fundi mwaminifu atakwambia ununue kigeuzi cha kushusha umeme. Fundi wa haraka atachukua waya kwenye betri moja kati ya mbili. Muziki utalia siku hiyohiyo, lakini betri moja inachotwa kila siku na mwenzake inajazwa kupita kiasi, mpaka zote mbili zife kabla ya wakati. Mwenye basi analaumu betri, muuza betri analaumu mwenye basi, na redio inaendelea kulia.

Kuna jambo moja ambalo naona ni la hatari tupu, nalo ni picha. Viwanda vimeweka kizuizi ili video isionekane mbele ya dereva gari likiwa linatembea. Redio inasubiri ishara ya handbreki. Mafundi wetu wameugundua waya huo na wanauunganisha kwenye bodi la gari, redio ikadhani handbreki imevutwa saa zote. Kazi ya dakika 5, na wateja wanaiomba wenyewe. Fundi anayekubali kuifanya kwenye gari la abiria anapaswa kujibu siku gari hilo litakapomgonga mtu, na mwenye gari naye vivyo hivyo.

Mwandishi wa safu hii naye ameumia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua redio kwenye duka moja la Kariakoo ambalo sitalitaja. Fundi wa nje ya duka alikata soketi ya kiwanda ya gari langu na kuunga waya mmoja mmoja kwa utepe mweusi, bila fyuzi, akisema soketi ya kuunganishia "haina kazi". Mwezi wa pili nilisikia harufu ya plastiki nikiwa kwenye taa za Fire. Nilizima gari, nikafungua boneti, nikachomoa waya wa betri kwa mikono. Gari halikuungua. Nilipokwenda kuuliza, duka likasema fundi si wao, na fundi hakuwapo tena. Sikuwa na risiti. Hilo lilikuwa kosa langu, maana nilikubali kupunguziwa bei ili nisiandikiwe.

Kutokana na hayo, maoni yangu ni kwamba yadi za magari ndizo zianze. Wanaandika mwaka wa gari, ukubwa wa injini na kilomita. Waongeze mstari mmoja tu: redio inapokea kuanzia ngapi hadi ngapi, na kadi ya ramani ipo au haipo. Ukaguzi wa ubora unaangalia breki, taa na matairi, na hiyo ni sawa. Hauwezi kuangalia muziki. Lakini mwenye yadi anauza gari zima, pamoja na kile kioo anachokiwasha ili kumvutia mteja. Anayejua kwamba redio inaishia 90 na akaiwasha kwenye 88.5 kwa makusudi, huyo anaficha kasoro.

Wenye maduka nao hawahitaji mtaji mpya. Betri moja ya gari, spika mbili na antena juu ya kaunta vingetosha kumjaribishia mteja kabla hajalipa. Wachache wanafanya hivyo tayari, na ukipita kwao Jumamosi utaona wateja wamejaa. Transmita ni mtambo wa kurusha mawimbi, hata ukiwa mdogo kama kidole, hivyo TCRA wana neno la kusema kuhusu zinazouzwa barabarani. Namba za uongo za wati ni suala la Tume ya Ushindani. Sitegemei watazunguka duka kwa duka kwa ajili ya redio, lakini tangazo moja juu ya kanuni ya fyuzi lingewasaidia wananchi wengi.

Bei sitazitaja wiki hii, kwa kuwa hutegemea mtaa, saa na sura ya mnunuzi. Ila kama unakwenda kununua gari, ondoka na karatasi yenye namba tatu: 88.5, 93.7 na 100.5. Zitafute zote tatu ukiwa bado yadi, injini ikiwa inaunguruma. Isipopatikana ya tatu, uliza bei ya soketi ya kuunganishia, redio yenye fyuzi yake na mkono wa fundi, kisha utoe jumla hiyo kwenye bei ya gari kabla hujafungua pochi. Na risiti ya EFD iwe na jina la kifaa, si neno "vifaa" tu.